Kuna Nani Mikumi?

Najua nimepotea kidogo. Nilikuwa likizo, likizo ya kweli, na leo nalipa deni. Mnivumilie, maana habari yenyewe ni ndefu na inaanzia kwenye simu.

Mwishoni mwa Julai nilimpigia mama, yuko Morogoro. Nikamwambia mwaka huu Nane Nane tusiende viwanjani kuangalia matrekta na ng'ombe wa maziwa kama miaka yote. Twende safari, familia nzima, na gari letu wenyewe.

"Safari ya wapi?"

"Mikumi."

Kimya. Kisha mama akashusha sauti: "Kuna nani Mikumi?"

Alidhani kuna msiba! Kwa mama yangu, na nadhani kwa mama zenu wengi, mtu hafungi safari bila kuwa na mtu wa kumfuata huko anakokwenda. Unasafiri kuzika, kuoza, kumwona mgonjwa, kumsalimia mkwe. Nilipomwambia hakuna mtu, tunakwenda kuangalia wanyama, alicheka mpaka akakohoa. Nikamsikia anamwambia baba pembeni: "Mwanao amekuwa Mzungu."

Ndugu msomaji, lile swali la mama lilinikaa kichwani. Neno ni letu. Limetoka kwenye Kiarabu likaja pwani, likapanda bara na misafara. Leo ukilitamka popote duniani watu wanaona gari la wazi, kofia na twiga. Mwenye neno lake anauliza kuna nani. Imekuwaje?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1871 mwandishi wa habari mmoja (ndiyo, mwenzetu) anayeitwa Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa wapagazi kwenda kumtafuta Dk. Livingstone. Alipita kwenye mji uliokuwa chini ya Milima ya Uluguru, akauita Simbamwenni, mji ambao Kisabengo aliuimarisha na binti yake akautawala. Ndipo ilipo Morogoro ya leo. Baada ya hapo msafara ukaingia kwenye tambarare ya Mkata, masika imekolea, na wapagazi wakavuka tope na maji na mizigo vichwani.

Hiyo ndiyo iliyoitwa safari. Tambarare hiyohiyo ya Mkata ndiyo leo moyo wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mahali ambapo watu wanalipa kupiga picha machweo. Mpagazi wa 1871 angeambiwa hivyo angesema mmelogwa.

Neno lilianza kupotea maana yake huko Ulaya katika karne ile ile ya 19, wapelelezi walipoliingiza kwenye vitabu vyao. Lakini aliyelipa umaarufu duniani ni Theodore Roosevelt. Alipotoka tu kwenye urais wa Marekani, mwaka 1909, alishukia Mombasa na mwanawe Kermit kuwinda katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Baba na mwana walipiga wanyama 512, wengi wakapelekwa makumbusho ya Smithsonian. Mmoja wa waliomsaidia kuipanga safari ile alikuwa mwindaji wa Kiingereza, Frederick Courteney Selous. Mshike huyo bwana, tutamrudia. Na ile namba 512 msiisahau.

Basi. Niliondoka Dar kwa treni ya umeme, hii ya SGR iliyoanza kubeba abiria wa Dar na Morogoro mwezi Juni 2024. Reli ya Mjerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, kwa hiyo mji huu umeshazoea kupokea watu wa Dar wenye mawazo ya ajabu. Nyumbani nilikuta mambo yameiva. Dada yangu kaja na watoto wake wawili, mama kapika chapati za kutosha kulisha kijiji, na aliyenishangaza zaidi, bibi mzaa mama kateremka kutoka Matombo. Ana miaka themanini na miwili. Alisema kasikia watu wanakwenda kuona nyati, naye ana la kusema na nyati.

Gari ni Noah ya baba, kongwe kiasi kwamba mlango wa pembeni unafunguliwa na mtu mmoja tu, baba mwenyewe. Hakuna dereva wa kampuni wala mwongoza watalii. Nilikuwa mimi kwenye usukani na baba pembeni akinifundisha kuendesha gari, kazi ambayo nimeifanya miaka sita sasa.

Lakini baba ana haki yake. Barabara hii ameila ujana wake wote. Alianza kama utingo mwaka 1976, akawa dereva wa malori ya Zambia mpaka 2008.

Watoto wa siku hizi tunaiona ni barabara tu, inatoka Morogoro, inapita Mzumbe, Melela, Doma, inaingia hifadhini, inakwenda Iringa na Mbeya. Tunasahau kwamba iliwekewa lami kwa sababu ya siasa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa upande mmoja, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kusini, ikabanwa koo. Mafuta yakawa yanasombwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na matope, magari yakipinduka na watu wakifa. Mwaka 1968 likakamilika bomba la mafuta la TAZAMA, barabara yenyewe ikajengwa upya kwa lami, na reli ya TAZARA ikamalizika 1975. Kwa hiyo unapopita Mikumi na kuona swala wanakula majani kando ya lami, ujue umekaa juu ya historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika.

Na unapopita, unapita ndani kabisa. Kiasi cha kilomita 50 za barabara kuu zimo katikati ya hifadhi. Ndiyo maana karibu kila Mtanzania aliyewahi kupanda basi la Mbeya "ameshafika Mikumi". Ameona tembo kupitia dirishani, bure, huku anatafuna karanga.

"Mimi nilikuwa nawaona kila wiki," baba alisema tulipoipita Doma. "Nilikuwa nawaogopa, sikuwa nawapenda." Akatusimulia usiku gari lilipowaharibikia humo mwaka 1979. Yeye na dereva wake walikata matawi wakayaweka barabarani mbele na nyuma kama alama, wakapanda juu ya turubai la mzigo, wakakaa macho mpaka asubuhi wakisikiliza simba wakiongea. Miaka thelathini na mbili amekatisha hifadhi ile, hajawahi kukata kona aingie getini. Haikumpitia akilini kwamba geti lile linamhusu.

Kabla ya geti kuna mabango yanayoorodhesha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake, na bei zimeandikwa kwa dola. Dada yangu akamsomea bibi. Bibi akauliza, kwa upole kabisa: "Na wao wakikugonga wewe, wanalipa ngapi?"

Tulicheka, lakini swali lina jibu. Kanuni zipo tangu 2011. Tembo akila shamba lako unaweza kupata kifuta jasho. Akiua mtu wako, familia inaweza kupata kifuta machozi. Angalieni maneno hayo wadau. Wewe ukimgonga mnyama ni faini, lakini mnyama akikuua kinachotolewa hakiitwi fidia. Kinaitwa kifuta machozi, kama leso.

Getini kila mtu alilipiwa kiingilio chake. Mtanzania analipa shilingi elfu chache, mgeni analipa kwa dola na mara nyingi zaidi. Si pesa ya kutisha kwa familia yenye mtu mmoja mwenye mshahara. Bibi alikataa kushuka garini hata kwenda msalani. Alipoona risiti ndipo akatoboa.

Kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka mitano, alikuwa mwindaji. Siyo mwindaji wa biashara. Kule Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, ardhi ni ya ukoo wa mama na milima imebanana, kwa hiyo nyama ilitafutwa bondeni, kwenye mapori ya kuelekea Kisaki. Mwaka 1967 alikamatwa na nyama ya pofu mmoja. Akafungwa miezi sita. Aliporudi kijijini hakuitwa tena mwindaji. Aliitwa jangili, na jina hilo aliondoka nalo duniani.

"Sasa nyie," bibi akasema, "mnalipa kwenda kuwaona hao hao."

Nikanyamaza. Ningemwambia nini?

Hapa ndipo nawaomba tufungue daftari la historia. Sheria ya kwanza ya kudhibiti uwindaji katika nchi hii ilitolewa na gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, mwaka 1896. Ilitaka leseni, na ikafungua mlango wa kutenga maeneo ya akiba, mojawapo upande wa Rufiji. Waingereza walipokuja baada ya Vita ya Kwanza waliendeleza. Mwaka 1922 pori kubwa la kusini likapewa jina la yule Selous, aliyepigwa risasi na askari wa upande wa Wajerumani huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mitego na mashimo waliyotumia wazee wetu ikawa kosa. Bunduki ya mwenye leseni ikawa mchezo wa waungwana. Katika miaka ya 1940 watu wa huko kusini walihamishwa vijiji kwa vijiji, sababu iliyotolewa ikiwa malale, na pori likapanuka juu ya mashamba yao.

Kisha tukapata Uhuru. Sheria iliyomfunga babu yetu mwaka 1967 ilikuwa ya mwaka 1951, ya mkoloni. Bendera ilishabadilika, sheria ikabaki mpaka ilipokuja ya kwetu mwaka 1974. Roosevelt na mwanawe walipiga 512, na Roosevelt akapewa ukumbi wa makumbusho. Babu alipiga mmoja akapewa miezi sita na jina.

Lakini ngoja, nisije nikawa mwandishi wa upande mmoja. Mikumi yenyewe haikutangazwa na mkoloni. Barabara ya Iringa ilipofunguliwa vizuri miaka ya mwanzo ya 1950, wawindaji wa mjini waliingia tambarare ya Mkata na bunduki zao na wanyama wakaanza kuisha. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1964, serikali ikiwa ya kwetu, na ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 3,230. Na kabla ya hapo, Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatoa Azimio la Arusha la wanyamapori (siyo lile la Ujamaa la 1967, msichanganye), akiahidi kwamba Watanganyika watalinda urithi huu.

Inasimuliwa pia kwamba Mwalimu alikiri yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kuangalia mamba, ila alijua wapo watu ulimwenguni watakaolipa fedha za kigeni kuwaangalia. Naona hapo ndipo jibu la swali la mama lilipo. Tangu mwanzo hesabu ilikuwa hivyo: sisi tutunze, wao waje watazame, nchi ipate dola. Hakuna aliyemwandaa mama yangu kuwa mtazamaji. Yeye alikuwa upande wa kutunza, yaani upande wa kukaa mbali.

Na historia ina utani wake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ya pori la Selous, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ilifanywa hifadhi ya taifa na kupewa jina la Nyerere. Jina la mwindaji likatoka, likaingia la mzee ambaye hakutaka kuangalia mamba. Huko ndiko bonde la babu lilikoelekea.

Haya, tuingie ndani.

Agosti ni kiangazi, majani yamekauka, barabara za vumbi Noah inazimudu kama huna haraka. Pundamilia na nyumbu walikuwa kama mbuzi wa kijijini. Kwenye bwawa la viboko watoto waligoma kuondoka. Tuliona twiga wengi mpaka mpwa wangu wa miaka saba akaacha kuwahesabu. Jina Mikumi lenyewe linatokana na miti, mikumi, jamii ya minazi, ambayo nyumba zetu za Dar tunaijua kwa jina la mivumo. Baba aliwafafanulia watoto kwa sauti ya mtu aliyesomea, kumbe nilimwambia mimi usiku uliopita.

Kisha tukafika mahali kuna kundi la nyati, mbali kidogo. Nikataka kusogea. Bibi akanizuia. "Zima. Upepo unatoka kwetu kwenda kwao." Tukakaa. Akaanza kuwaeleza watoto, polepole, nani anatangulia kundini na nani anabaki nyuma, kwa nini dume mzee akitengwa ni hatari kuliko mia walio pamoja, kinyesi cha asubuhi na cha jana unavitofautishaje. Nusu saa nzima. Nimewahi kusikiliza waongoza watalii wenye vyeti, sijasikia somo kama lile.

"Bibi, umejuaje yote haya?" mpwa wangu akauliza.

"Kaka yangu alinifundisha."

"Alikuwa askari wa wanyama?"

Bibi alifikiri. "Angefaa," akasema.

Wadau, nimeandika habari nyingi, lakini neno hilo moja limenishinda kulipamba. Angefaa. Maarifa yalikuwepo milimani na mabondeni. Tuliyafunga miezi sita, kisha tukaanza kutafuta wafadhili.

Na wakati tunafukuzana na wenye pofu mmoja, nani alimaliza tembo? Hesabu ya mwaka 1976 ilionyesha tembo zaidi ya 100,000 katika ikolojia ya Selous. Hesabu ya mwaka 2013, Selous na Mikumi pamoja, ilipata 13,000 na kidogo, na mwaka 2014 UNESCO ikaliweka Selous kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Pembe za maelfu ya tembo hazitoki bandarini kwenye kikapu cha mzee wa Matombo. Zinahitaji bunduki za kivita, magari, kontena na watu wenye simu za kupiga. Neno jangili tulilibandika kwa wadogo, wakubwa wakapita nalo mkononi.

Lakini pia ni kweli, na bibi mwenyewe alikiri tukiwa tunakula chapati kwenye eneo la mapumziko, kwamba kusingekuwa na mpaka pale, leo tusingeona kitu. Mashamba yangefika mpaka barabarani. Alikumbuka mwaka 1955 akiwa binti wa miaka kumi na miwili, Waluguru wa Matombo walipogomea matuta. Serikali ya mkoloni ililazimisha watu, na mama yake bibi akiwemo, kuchimba matuta ya ngazi kuokoa udongo. Udongo mzuri ukafukiwa chini na usiofaa ukaja juu, mazao yakadhoofu, watu wakachoka, vurugu zikatokea, na mpango ukafa. "Walikuwa wanasema kweli kuwa mlima unakwisha," bibi alisema. "Ila hawakutuuliza." Leo misitu ya juu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia, tangu 2008, na maji yake yanashuka Ruvu mpaka kwenye mabomba yetu ya Dar es Salaam. Ukioga Kinondoni, unaoga Uluguru. Mlima unahitaji kulindwa. Wanaoulinda wanahitaji kuulizwa.

Hilo ndilo langu kwenu vijana wenzangu mliosoma na mnaofanya kazi. Tumezoea kusema hifadhi ni za Wazungu. Ni uvivu. Chukueni gari, hata la kuazima, pakieni wazazi, mwende. Kiingilio tunakimudu, barabara ipo. Ila msiende na kamera tu. Nendeni na mtu mzima anayejua pale palikuwaje, na mmuulize. Akienda, habari yake inaingia hifadhini pamoja naye. Asipoenda, tutabaki na mabango ya dola.

Jioni tuligeuza. Kutoka kule ndani tambararani unaiona barabara kuu kwa mbali, malori ya Zambia yanapita madogo kama siafu. Baba aliomba nisimame. Akayaangalia kwa muda. "Kumbe wao ndio walikuwa wanatuona sisi," akasema. Hakuongeza neno mpaka Doma.

Tulipofika nyumbani simu ya mama ikaita. Mama mdogo, kutoka Kilosa, kasikia ukoo mzima umeonekana barabarani na Noah. Nilimsikia sauti mpaka nilipokaa: "Dada, kuna nini Mikumi? Kuna nani?"

Mama akamtazama bibi, aliyekuwa ameshalala kwenye kiti na viatu miguuni.

"Tulikwenda kwa mjomba," akasema.